Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Soko Letu: Malipo ya Simu Tumeyakubali, Hasara Zake Msituachie Peke Yetu

Kwa: Wasimamizi wa soko na wakuu wa ukusanyaji wa ushuru
Pamoja na: Wakuu wa kampuni inayoendesha mfumo wa malipo sokoni
Mombasa

Waheshimiwa,

MINTARAFU: MALIPO YA SIMU SOKONI NA MZIGO WALIOTWISHWA WACHUUZI WADOGO

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia kwa niaba ya wachuuzi wa safu za mboga, matunda, bizari na samaki wakavu, ambao walinipa kazi ya ukatibu na ambao niliwasomea barua hii kabla ya kuitoa. Barua tulizoleta ofisini kwenu kwa mkono zilipokewa na kupigwa muhuri, lakini majibu hayajaja hadi leo. Mlipopita kukagua vibanda tuliwaeleza kwa mdomo, mkatuambia kuwa jambo letu linashughulikiwa. Kampuni nayo, kila tunapopiga simu ya huduma, hutupa nambari ya malalamiko na kututaka tuwe na subira. Subira tumekuwa nayo, na imefika mwisho. Ndiyo sababu maneno haya nayaweka hadharani, ambapo mnunuzi, jirani na mwandishi wa habari ataweza kuyasoma pamoja nanyi. Jina la soko, la ofisi na la kampuni sikuyataja, kwa kuwa nia yetu ni kupata suluhu wala si kumwaibisha mtu. Mnajijua, na nakala za barua zetu mnazo.

Niseme mapema kwamba hatupingi malipo ya simu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wachuuzi wa Mombasa hawakuhitaji kusukumwa ili kuitumia. Kabla ya hapo pesa za kununulia ndizi za Taveta au mbatata za bara zilitiwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa dereva wa basi, na mwenye pesa hakulala usingizi mpaka apate habari kuwa zimefika. Lipa na M-Pesa, ya kumlipa mfanyabiashara kwa nambari yake ya biashara iitwayo tili, ilikuja 2013, na tangu Aprili 2022 mteja wa mtandao mmoja anaweza kulipa kwa nambari ya tili ya mtandao mwingine. Leo mnunuzi anayeingia Marikiti kutafuta iliki, au Kongowea kutafuta gunia la vitunguu, mara nyingi hana hata noti moja mfukoni, na mchuuzi anayekataa simu anamfukuza mteja wake mwenyewe. Hayo yote tunayajua, tena tuliyajua kabla ya kuja kufundishwa.

Tofauti ni kwamba tulipoyakubali malipo hayo wenyewe tulikuwa na hiari. Siku mtandao ulipokataa tulipokea noti, na biashara ikaendelea. Mlipoamuru kwamba ushuru wa siku, kodi ya kibanda na ada ya kushusha mzigo vilipwe kwa simu peke yake, mkabandika vibandiko vya nambari za malipo juu ya kila meza, mliiondoa hiari ile bila kuweka chochote mahali pake. Tunachodai ni kwamba aliyeuamuru mfumo abebe hatari na gharama zake, badala ya kumtupia muuza mchicha. Hoja zifuatazo zinaeleza hatari na gharama hizo ni zipi.

1. Mfumo unapolala, mchuuzi ndiye anayeitwa mkwepaji.

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalotuumiza kuliko yote. Ushuru wa siku hukusanywa asubuhi, saa ambazo wenye vibanda vya chipsi na wapishi wa hoteli wanapokuja kununua. Mchuuzi hulipa kwa simu yake, kisha mkusanyaji hutazama kimashine chake, na malipo yakionekana humpa risiti. Mambo yakienda sawa, kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Lakini malipo yanaweza kutoka kwenye simu ya mchuuzi yasionekane kwenye kimashine, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa kuwa utaratibu mliouweka hausemi lolote kuhusu hali hiyo. Unajua waliolipa na wasiolipa tu.

Jirani yangu wa meza, mama anayeuza tungule na pilipili, alilipa asubuhi moja kwa simu yake ya kabambe. Pesa zilikatwa, ujumbe haukuja. Mkusanyaji, kijana mwenye adabu ambaye simlaumu, alitazama kimashine akamwambia, "Mama, kwangu haionekani." Mama akamwonyesha salio lililopungua. Kijana akamwambia alipe tena, na kwamba ya kwanza ikionekana atarudishiwa. Katika simu hakuwa na ya kutosha kulipa tena, kwa hiyo akafungua pindo la leso akatoa noti. Kijana akazikataa, kwa maelezo kwamba akionekana ameshika pesa taslimu atapoteza kazi. Basi mizani yake ikachukuliwa, ikapelekwa ofisini, naye akaambiwa aifuate huko atakapokuwa amelipa. Alipoipata, adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa, wanunuzi wa asubuhi wamekwenda zao, na kreti ya tungule zilizoiva imekaa juani. Anayeishi Mombasa hahitaji kuelezwa tungule zilizoiva huwa vipi kufikia alasiri. Ujumbe wa malipo uliingia jioni, ukiwa na saa ya asubuhi ileile aliyolipa. Kufikia leo hajarudishiwa ushuru alioulipa mara ya pili ili aipate mizani, wala hapana aliyemuuliza kuhusu mzigo ulioharibika.

Kisa hicho nimekisimulia kwa urefu kwa sababu ndani yake kila mtu alifuata amri. Mama alilipa, na kijana alitii maagizo yenu. Kosa limo katika maagizo yenyewe, na aliyeyaandika hakuwako sokoni asubuhi ile. Katiba, Kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haraka, kwa sababu za kueleweka na kwa haki katika maamuzi ya kiutawala. Kumnyang'anya mtu mizani kwa sababu kimashine cha mkusanyaji hakijapata mtandao ni uamuzi wa kiutawala, na hauna hata moja kati ya sifa hizo.

Najua jibu mtakalolitoa, kwamba pesa taslimu zilileta wizi, kwamba risiti za bandia zilijaa, na kwamba makusanyo mengi yaliishia mifukoni mwa watu kabla ya kufika ofisini. Hilo ni kweli, na sisi wenyewe ndio tuliolalamika kuhusu risiti za bandia, maana mchuuzi aliyekutwa nazo alilipishwa tena. Hatuombi kurudishwa huko. Tunachoomba ni njia ya akiba: kitabu cha risiti chenye nambari zinazofuatana, kinachokaa kwa msimamizi mmoja anayejulikana, na ambacho hufunguliwa tu pale mfumo unapolala, baada ya saa ya kulala kwake kuandikwa kwenye ubao wa tangazo ambapo kila mtu ataiona. Mwizi hapati nafasi kubwa katika utaratibu wa namna hiyo. Na iwapo hata hilo litaonekana zito, basi mchuuzi mwenye salio lililopungua aachwe auze, jina lake liandikwe, na hesabu ifanywe jioni. Hawezi kutoroka na meza.

2. Gharama ya kuitoa pesa kwenye simu inaila faida ya mchuuzi mdogo.

Mmetuambia mara nyingi kwamba malipo ya simu ni ya bure kwa mteja wa sokoni, na kwa kiasi fulani ni kweli. Anayenunua fungu la Sh50 akatuma pesa hakatwi chochote, kwa kuwa kutuma hadi Sh100 hakuna ada. Mwenye tili naye hakatwi kwa malipo yasiyozidi Sh200, na kwa yanayozidi hapo hukatwa asilimia 0.55. Lakini pesa hizo haziishii kwenye simu, kwani kesho yake alfajiri lazima ziende kununua mzigo mpya.

Muuzaji wa jumla anayeshusha lori hataki tili. Anataka noti mkononi, kwa sababu naye ana hamali wa kuwalipa pale pale na mkulima anayemsubiri, na ukimwambia utamtumia kwa simu atakujibu, "Tuma na ya kutoa." Tuchukue mchuuzi anayenunua mzigo wa Sh2,000 kila siku. Kwa viwango vilivyowekwa baada ya kodi kupandishwa 2023, kutoa Sh2,000 kwa wakala hugharimu Sh29. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi hiyo ni Sh754. Akiamua kumtumia muuzaji wa jumla pamoja na ya kutoa, analipa Sh33 za kutuma na kuongeza Sh29, jumla Sh62, na kwa mwezi Sh1,612. Kwa ofisi, Sh1,612 huenda ni kitu kidogo. Kwa anayeuza mchicha kwa mafungu ya Sh20, hayo ni zaidi ya mafungu 80 yaliyouzwa kwa ajili ya ada peke yake, na hapo sijagusa bei ya kununulia mchicha wenyewe. Isitoshe, wakala wa karibu huenda asiwe na floti, yaani pesa za kuwatolea wateja, saa kumi na moja alfajiri, na mchuuzi akalazimika kutoa pesa usiku na kulala nazo nyumbani, kinyume kabisa na usalama tulioahidiwa.

Kodi ya ushuru wa bidhaa juu ya ada za kutuma pesa kwa simu ilianza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ikapanda hadi 12 mwaka 2018, na mwaka 2023 ikafika 15. Naelewa vizuri kwamba viwango hivyo havipangwi na wasimamizi wa soko. Lakini ninyi ndio mlioamuru kuwa njia yenye kodi hiyo iwe njia ya pekee, na aliyetoa amri hawezi kusema kwamba gharama yake haimhusu.

Wala msituambie kuwa ada haziwezi kuguswa. Machi 2020, corona ilipoingia, ada za kutuma hadi Sh1,000 kwa simu ziliondolewa kwa makubaliano ya Benki Kuu na watoa huduma, ili watu wapunguze kushikana noti mikononi. Hali hiyo iliendelea hadi mwisho wa mwaka ule. Watu walituma, biashara ilikwenda, na kampuni hazikufilisika. Penye haja njia ilipatikana, na kwa mwenye mtaji wa Sh2,000 haja hiyo haikuondoka pamoja na barakoa.

3. Malipo yanayorudishwa na jumbe za bandia.

Katika msongamano wa jioni, mteja anachukua embe, nazi na ndizi, anaonyesha simu yenye ujumbe wa malipo, anaondoka. Mara nyingine ujumbe ule ni wa kuundwa na hapana pesa iliyoingia. Mara nyingine pesa imeingia kweli kwenye laini ya kawaida ya mchuuzi, kisha mteja akifika mbele anaomba irudishwe kwa madai kwamba alikosea nambari. Mchuuzi huligundua usiku anapofanya hesabu. Njia ya kurudisha pesa zilizotumwa kimakosa ni njia njema, na wengi wetu imetuokoa. Tunachopinga ni pesa ya mchuuzi kuzuiwa au kuondolewa kabla hajasikilizwa.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kila mchuuzi kuchukua tili au Pochi la Biashara, ambako pesa za biashara hukaa peke yake na mteja haziondoi kwa urahisi huo. Nakubaliana nao, na mwenyewe huwashauri wenzangu vivyo hivyo, hasa wenye deni la Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, kwa kuwa mteja akituma kwenye laini yenye deni, pesa ya mzigo wa kesho hukatwa hapo hapo kabla mwenyewe hajaiona. Lakini waliokuja kutuandikisha walibandika vibandiko wakaondoka. Hakuna aliyekaa na mchuuzi kumwonyesha namna ya kutazama salio la tili, namna ya kuhamisha pesa kutoka humo, au nambari ya kupiga anapoibiwa. Wako wenye vibandiko juu ya meza ambao hawajawahi kuvitumia, na bado wanataja nambari zao za simu kwa kila mteja. Katika taarifa zenu nadhani hao wanahesabiwa kuwa wamekwisha kujiunga.

4. Hofu ya kodi ni ya kweli, na hakuna anayetujibu.

Hili huzungumzwa kwa sauti ndogo, nami nalisema wazi kwa kuwa pasipo kulisema hamtaelewa kwa nini watu wanaziogopa tili. Wachuuzi wengi wanaamini kwamba kila shilingi inayopita kwenye tili itahesabiwa kuwa mauzo na kutozwa kodi. Sheria iliyopo, kama ninavyoifahamu, ni kwamba kodi ya mauzo ghafi, ambayo ilikuwa asilimia 1 na ikapandishwa hadi asilimia 3 kuanzia Julai 2023, inamhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yanazidi Sh1,000,000 na hayazidi Sh25,000,000. Ukisikia milioni moja unadhani ni tajiri. Tufanye hesabu. Mchuuzi anayeuza bidhaa za Sh4,000 kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, ameuza za Sh1,200,000. Bidhaa za siku moja alizinunua kwa Sh3,400, kwa hiyo faida yake ya siku ni Sh600, na hapo hajalipa hamali, nauli wala ushuru wenu. Asilimia 3 ya Sh4,000 ni Sh120. Hiyo ni sehemu moja kwa tano ya faida yake, kwa kuwa kodi inatazama mauzo na haitazami kilichobaki mkononi.

Tena si kila pesa inayopita kwenye simu ya mchuuzi ni mauzo. Kuna michango ya chama, karo ya mtoto inayotumwa na shangazi, na malipo ya jirani asiye na laini. Nani atazitenganisha? Hatusemi kwamba hatutaki kulipa kodi. Tunasema kwamba mtu hawezi kuulizwa kwa nini anaogopa ilhali kila anapouliza anaelekezwa ofisi nyingine. Ninyi mna uwezo wa kuwaalika maafisa wa kodi sokoni, siku ya kazi, wakae na watu na kuwajibu kwa lugha wanayoielewa. Mkutano mmoja wa namna hiyo ungeleta wachuuzi wengi kwenye tili kuliko vibandiko vyote mlivyochapisha.

5. Wasio na simu zao wenyewe.

Wako wazee na kina mama wanaotoka Kwale na Kilifi na mihogo, nazi na mabungo, ambao laini wanazotumia zimesajiliwa kwa majina ya watoto au wajukuu, na wengine hutegemea simu ya jirani. Pesa zao hupita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kuwafikia, na siku wakikosana na mtu huyo hawana pa kushtaki. Bibi anayeuza mafungu machache ya mihogo asifukuzwe langoni kwa kukosa ujumbe wa simu.

6. Lugha na taarifa zetu.

Masharti tuliyoyatia saini wakati wa kuandikishwa yalikuwa kwa Kiingereza, pamoja na tangazo la kusitisha pesa taslimu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pia. Sokoni Mombasa hakuna udhuru wa kukiacha. Vitambulisho vyetu vilipigwa picha kwa simu za vijana waliokuja na fulana za kampuni, na hatujui picha hizo ziko wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuelezwa taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani na ni nani atakayepewa. Baada ya uandikishaji ule, baadhi yetu tulianza kupata jumbe za wakopeshaji tusiowajua. Huenda mambo hayo mawili hayahusiani, na sisi tungefurahi kuambiwa hivyo kwa maandishi.

Waheshimiwa, najua kwamba baadhi yenu mnaona malalamiko haya ni ukaidi wa watu waliozoea njia za zamani, na kwamba dawa yake ni kukaza amri. Nawaomba mkumbuke yaliyotokea kwenye magari ya matatu. Mwaka 2014 serikali iliamuru nauli zilipwe kwa kadi na ikaweka tarehe ya mwisho, tarehe ikasogezwa, kadi zikatupwa, na mpango ule ukafa. Baadaye abiria na makondakta, bila amri ya mtu, wakaanza wenyewe kulipana kwa simu, kwa sababu njia hiyo iliwafaa pande zote mbili. Wachuuzi ni watu wa hesabu. Jambo likiwaongezea, au angalau lisipowapunguzia, hakuna haja ya kuwatuma askari kuwasimamia.

Kwa hayo yote tunaomba yafuatayo. Kwanza kabisa, na leo ikiwezekana, kukoma kwa kuchukua mizani, mzigo au meza ya mchuuzi yeyote ambaye malipo yake yametoka kwenye simu lakini hayajaonekana kwenye kimashine, na kuwepo kwa njia ya akiba ya kulipia taslimu kwa risiti, kama nilivyoieleza, kila mfumo unapolala. Hili halihitaji bajeti wala kikao. Pili, waliolipa ushuru mara mbili warudishiwe. Sisi tutawaletea orodha na jumbe zao, nanyi mtazame katika kumbukumbu zenu. Tatu, mchuuzi aruhusiwe kulipa ushuru wa juma au wa mwezi kwa mara moja akitaka, ili asikutane na kimashine kila asubuhi. Nne, mkae na kampuni mkubaliane kuwa gharama ya kutoa pesa kwa wachuuzi wadogo ipunguzwe, au ofisi iibebe kwa kuwapunguzia ushuru kwa kiasi hicho, kwa kuwa ukusanyaji wa simu umewapunguzia ninyi gharama na haikubaliki nafuu yote ibaki upande mmoja. Tano, kampuni iweke mtu sokoni, mwenye meza na saa zinazojulikana, anayeweza kushughulikia malipo yaliyopotea na yaliyorudishwa siku hiyo hiyo. Sita, masharti na matangazo yote yatolewe kwa Kiswahili, na tuelezwe kwa maandishi taarifa zetu ziko kwa nani. Na kwa wasio na simu, lango moja libaki na risiti za karatasi.

Kuhusu ombi la taarifa zetu, pamoja na la kuonyeshwa mkataba kati ya ofisi yenu na kampuni inayoendesha mfumo, hasa kipengele kinachosema ni nani anayebeba hasara mfumo unapolala, tunategemea Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Siku hizo tumeanza kuzihesabu kuanzia tarehe ya muhuri wenu kwenye nakala ya barua hii. Zikipita bila jibu tutatumia haki tuliyopewa na Kifungu cha 37 ya kuwasilisha malalamiko yetu kwa mamlaka za juu yenu, kwa amani na kwa maandishi, pamoja na jumbe za malipo tulizozihifadhi.

Tuko tayari kukutana nanyi wakati wowote. Ila tunawaomba mkutano huo ufanyike sokoni, asubuhi, wakati ushuru unakusanywa, na kila upande uje na kumbukumbu zake za malipo.

Wenu mtiifu,

Katibu wa wachuuzi wa mboga, matunda, bizari na samaki wakavu
Mombasa

Nakala: Wenyeviti wa safu zote za soko